Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii twaisema kwa urahisi sana. Mgeni aingiapo nyumbani, kuku huchinjwa, na watoto ambao wiki nzima wamekula ugali kwa majani ya maboga hupata nao mchuzi. Ndivyo mwenyeji anavyopona. Lakini katika nchi yetu wapo wageni ambao kwao methali imetimia kwa maneno yake yenyewe: walikuja, na wenyeji wakapona. Twasema juu ya Mabruda, Masista, waganga na wauguzi waliotoka nchi za mbali kuja kufungua zahanati vijijini, mahali ambapo hapakuwa na dawa ya jeraha wala mkono wa mkunga aliyefundishwa. Kuwashukuru tumewashukuru, na tena twapenda kuwashukuru, kwa sababu shukrani haigharimu kitu. Kuna swali moja ambalo katika kushukuru tumelisahau, nalo ndilo tutakalo kuwawekea wasomaji wetu leo: mgeni wa namna hii ana wajibu gani kwetu, nasi tulioponywa tuna wajibu gani, na siku aondokapo ugonjwa ukirudi, nani atajibu?

Tuchukue upande wa Namswea, wilayani Mbinga, na nchi yote ile inayoteremka kutoka milima ya Wamatengo hata ufuko wa Ziwa Nyasa. Aliyefika huko wakati wa masika hatatuuliza kwa nini mtu hufa kwa ugonjwa ambao dawa yake yajulikana. Leo barabara ya lami yatoka Songea, yapita Mbinga, yafika Mbamba Bay. Lakini kutoka lami hadi kijijini njia bado ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha siku tatu pikipiki yenyewe husukumwa. Huko ndiko mgeni wetu hupeleka kliniki yake. Mizani hutundikwa kwenye boriti au tawi la mwembe, watoto hutiwa katika kaptura ya kitambaa na kuning'inizwa wakilia, kadi huandikwa uzito, chanjo hutolewa katika kasha lenye barafu ambayo yapaswa isiyeyuke kabla ya kijiji cha mwisho. Mchana wote ni vikohozi, vidonda, homa na macho. Halafu jioni, akiwa amechoka na anafunga masanduku, huletwa kwa machela mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana. Sasa ni lazima aamue peke yake: amwondoe usiku ule ule katika mvua kwenda hospitali ya Litembo, au asubiri pambazuko na kuomba? Hakuna mkubwa wa kumwuliza. Wanaosema kwamba maisha ya mmisionari wa tiba ni maisha ya sifa hawakuifikiri saa hiyo.

Tena kuna jambo la lugha, ambalo wengi hawalitaji. Kiswahili mgeni hujifunza, na kwa Kiswahili hupata kula na kusafiri. Lakini bibi kizee wa mlimani, maumivu yanapomzidi, husema kwa Kimatengo, na yule wa ufukoni kwa Kinyasa au Kimanda. Mganga asiyejua neno la mgonjwa humtibu kama fundi atengenezavyo saa. Wale waliofaulu katika kazi hii, karibu wote, walikaa kwanza kama watoto wadogo, wakachekwa kwa matamshi yao, wakavumilia.

Historia ya wageni hao ni ndefu, nasi twataja kidogo tu. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Katika ziwa, ndugu zetu Waanglikana walikuwa wametangulia; makao yao yalikuwa kisiwani Likoma, na Askofu wao Chauncy Maples alizama katika maji ya Nyasa mwaka 1895. Merikebu ya moshi iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1901. Tiba ya miaka ile ilikuwa ya mkono mtupu, au karibu na mtupu: Bruda aliyekuwa seremala asubuhi alifunga vidonda alasiri. Wala haikuwa umaskini peke yake. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimkataza padre kufanya kazi ya uganga na upasuaji pasipo ruhusa ya Kiti cha Mtume, na kwa desturi ya siku nyingi watawa wa kike walizuiliwa wasishughulike na uzazi. Ilibidi mwanamke mmoja wa Tirol, Daktari Anna Dengel, aliyekuwa ameona huko Rawalpindi jinsi wake wa Kiislamu walivyokufa kwa kuwa hawakuruhusiwa kutibiwa na mwanamume, aanzishe mwaka 1925 shirika la Masista waganga, na kusihi kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1936 Idara ya Kueneza Imani mjini Roma ikawafungulia Masista mlango wa kusomea uganga na ukunga. Twaitaja habari hii kwa wale wadhanio kwamba mambo ya Kanisa hayabadiliki mpaka yabadilike yenyewe.

Sasa tuje kwenye swali. Je, dawa ya mgeni ilikuwa hisani, au ilikuwa malipo ya deni?

Wapo wasemao ni malipo, na hatuwezi kuwafukuza kwa neno moja. Mgeni yule alifika kipindi kile kile bendera ya Kaisari ilipofika, na watu hawakuona daima tofauti baina ya msalaba na bendera. Katika vita vya Majimaji, mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na Mabruda wawili na Masista wawili, na misioni ya Peramiho ikachomwa moto. Nao Wadachi wakalipa kisasi: Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea, mashamba yakaharibiwa, njaa ikaua watu wasioshika mkuki kamwe. Mtoto aliyeletwa kwenye dawa miaka michache baadaye huenda alikuwa yatima wa njaa hiyo. Je, yule Sista aliyemwosha vidonda alikuwa anampa zawadi?

Sisi twaona hivi. Mgonjwa hana haja ya kujibu swali hili. Kidonda hakiulizi kama bandeji ni hisani au deni. Anayepaswa kujiuliza ni mtoaji, na tena ajiulize kila siku, kwa kuwa mtu anayedhani anatoa hisani huanza upesi kudai heshima, kukemea akina mama walio katika mstari, na kuhesabu waliomshukuru na wasiomshukuru. Mtu ajuaye kwamba huenda analipa deni huvua kofia mlangoni. Hayo hayamhusu Mzungu peke yake. Muuguzi wetu, mzaliwa wa Moshi au Bukoba, aliyesomeshwa kwa kodi ya wakulima wa nchi nzima, anapowafokea wazazi wa Namswea kwa sababu wamechelewa kuleta mtoto, naye amesahau nani anayemdai mwenziwe.

Kuna shutuma nyingine, ya zamani zaidi: kwamba dawa ya misioni ilikuwa chambo. (Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, neno hilo ni jina la samaki mwenyewe, basi wavuvi wa kule wangetucheka.) Yaani mgonjwa huvutwa kwa kidonge ili anaswe kwa ubatizo. Kwamba wako waliofanya hivyo, au waliotamani kufanya hivyo, hatukatai. Wamisionari ni wanadamu. Lakini jambo lenyewe tulipime kwa mfano wa Bwana wetu. Aliwatakasa wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru. Aliuliza walipo wale tisa, na swali lake latuonyesha kwamba aliumia. Wala hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Tiba iliyotolewa kwa sharti la imani si tiba tena, ni biashara, na imani inayonunuliwa kwa kwinini huisha pamoja na homa. Kwa sababu hiyo zahanati ya Kanisa yapasa kumtibu Mwislamu, Mwanglikana na asiye na dini katika mstari mmoja, kila mtu kwa zamu yake. Mkatoliki mwenye kadi ya Jumuiya asipewe nafasi ya mbele hata kwa nusu saa.

Tukitaka kujua kazi ya tiba ya mgeni inafananaje, wengi hukimbilia mfano wa Msamaria mwema, nasi twakimbilia huko huko; ila twawaomba wasomaji wautazame mwisho wake, ambao katika mahubiri hupitwa haraka. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamwuguza usiku ule. Kesho yake akaenda zake! Alikuwa na safari. Aliacha dinari mbili na ahadi ya kurudi. Tangu hapo aliyemgeuza mgonjwa kitandani, aliyemwosha, aliyempikia uji, aliyeamka usiku kwa kilio chake, ni mwenye nyumba ile. Huyo hatajwi jina wala kabila, hajapewa sifa ya wema, na hakuna hospitali yoyote tuijuayo iliyoitwa kwa jina lake. Lakini mfano hausemi kwamba alikataa, wala kwamba dinari mbili zilipokwisha alimtoa mtu nje.

Sisi twasadiki kwamba swali la zahanati za vijijini lipo hapo, kwa mwenye nyumba. Msamaria anahitajiwa, na asipopita mtu hufa barabarani. Wajibu wake lakini una mipaka miwili: asimwache majeruhi mahali pasipo na mtu, na asiondoke pasipo kusema nani atalipa kilichozidi. Mgeni anayeendesha kliniki kumi kwa gari lake, kwa fedha za rafiki zake wa kwao, kwa dawa azijuazo yeye peke yake, wala hamfundishi mtu, huyo hata akikaa miaka thelathini amemlaza majeruhi kando ya njia. Siku gari lake likiharibika, kliniki zote kumi zimekufa.

Tutasema pia juu ya mgeni asiyeondoka. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni na wafanya biashara ya watumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akapelekwa Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, akiwa mganga na katekista. Hakurudi tena kwao. Alioa huko, mwanawe akawa padre, akatibu watu wa Karema na nchi ya jirani mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka sitini na saba. Alikuwa Mwafrika, na hata hivyo alipofika Karema alikuwa mgeni kamili, kwa lugha, kwa chakula na kwa ukoo, kama alivyokuwa Mfaransa aliyesafiri naye. Kwa hiyo ugeni si rangi ya ngozi, na uenyeji mtu aweza kuupata kwa kukaa.

Tena huko Mbinga mambo yamekwenda njia hiyo kwa namna nyingine. Masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika lililoanzishwa mwaka 1938, ni mabinti wa nchi hii. Masista wa Mtakatifu Vinsenti, ambao wa kwanza wao walitoka Untermarchtal, Ujerumani, leo wengi wao ni Watanzania. Jimbo la Mbinga lilipozaliwa mwaka 1986 lilipokea zahanati na hospitali kama mwana apokeavyo shamba la baba, na madeni yake. Wageni bado wako, hasa kutoka Jimbo la Würzburg ambalo ni ndugu wa Mbinga, lakini anayeshika ufunguo wa stoo ya dawa ni mwenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huku jembe limeshikwa na mwenye shamba mwenyewe, na mgeni analima pembeni yake.

Hapo ndipo shida inapoanza, na haifai kuificha. Mwenye nyumba ya wageni atalipwa na nani? Wakati wa mgeni, dawa ilitoka Ulaya katika makasha na mgonjwa alileta kuku au hakuleta kitu. Sasa zahanati yapaswa kununua dawa, kulipa mshahara, kutengeneza paa. Serikali na Makanisa walifanya mapatano mwaka 1992, na tangu hapo Serikali husaidia kwa watumishi na fedha, hapa zaidi na pale kidogo. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zenyewe zilianza kutoza ada. Akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano husamehewa kwa agizo. Lakini agizo halijazi kabati, na zahanati isiyo na dawa humsamehe mtu ada ya kitu ambacho hakipo.

Twawasikia watu wema wakisema: mkulima na alipe kidogo, kitu cha bure hakithaminiwi. Neno hili lina ukweli wake, nasi hatupendi mazoea ya kunyosha mkono daima. Lakini wenye kulisema wayajue maisha ya mlimani. Mmatengo hupata fedha mara moja kwa mwaka, kahawa inapouzwa, nao ni wakati wa kiangazi. Malaria haingoji kahawa. Huja na mvua, miezi ambayo ghala ni tupu, fedha ya mwaka jana imekwisha kwa ada ya shule na bati, na mazao mapya bado yako ngoroni. Kwa hiyo ada ile ile ambayo Agosti ni ndogo, Februari ni ukuta. Mama atatazama mtoto mwenye homa, atatazama fedha asiyokuwa nayo, atasema labda kesho atapata nafuu. Hatuhitaji kuambiwa kesho huwa nini mara nyingine.

Ndiyo maana twaona bima yafaa kuliko ada, mradi ichangwe wakati wa kahawa, si wakati wa mvua. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, nasi twaomba wanaoitekeleza waulize kila wilaya huvuna nini na lini. Wamatengo wenyewe walijua siri hii kabla ya sheria yoyote. Ngoro zao ni nini, ikiwa si bima ya udongo? Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake hufunika kwa udongo na kuacha shimo katikati. Mvua kubwa ikija, maji hukaa shimoni badala ya kuuchukua mlima mzima kwenda ziwani. Hakuna aliyewafundisha kutoka ng'ambo. Watu walioweza kuzuia mlima usiporomoke kwa mikono ya jirani na jirani, waweza kuzuia zahanati isifungwe.

Wala wasomaji wasidhani kwamba hofu ya kufungwa ni maneno ya kutishia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje kwa amri ya siku moja, na katika nchi nyingi za Afrika huduma za wenye UKIMWI, zilizosaidiwa kwa fedha hizo tangu 2003, zikatikisika mara. Msamaria yule aliondoka usiku, na hakuacha dinari kwa mwenye nyumba. Kumlaumu twaweza, na tuna haki. Ila tulikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuuliza fedha za nyumba zatoka wapi.

Tumebakiza neno moja, nalo ni la nyumbani. Katika familia zetu za Kikatoliki, kila mwezi wa Oktoba tunasali kwa ajili ya misioni na kutoa sadaka. Tunasoma habari za mabinti wa Ulaya walioacha raha ya kwao wakaenda kutibu watu porini, na macho yetu hulowa. Halafu binti yetu wenyewe anamaliza chuo cha uuguzi, barua inafika, imeandikwa Mbinga vijijini. Baba anavaa koti, anakwenda mjini kumtafuta mtu anayemjua mtu. Mama analia kana kwamba ni msiba. Wiki mbili baadaye barua imebadilishwa, na kwa Namswea imeandikwa kwamba nafasi bado ni wazi. Tukiulizwa nani alimwacha majeruhi njiani, je, tutamtaja kuhani na Mlawi peke yao?

Hatusemi kwamba hofu ya wazazi ni ya bure. Msichana wa miaka ishirini na mbili kupelekwa mahali asipojua mtu, akalala katika chumba chenye mlango usiofungika, akaamshwa usiku na mlevi anayetaka dawa, huo si utume, ni uzembe wetu. Paroko na halmashauri ya kijiji wanaolalamika kwamba wauguzi hawakai, na waende kwanza kuitazama nyumba ya mwuguzi. Matofali huchomwa hapo hapo, mchanga unapatikana mtoni, mafundi ni waumini wetu. Kinachobaki ni bati, misumari, pipa la maji na mlango wenye kufuli, na hesabu ya vitu hivyo yaweza kufanywa Jumapili hii baada ya Misa, hapo nje ya kanisa, kabla watu hawajatawanyika.